Pepa Imekwisha, Ubishi Ndiyo Kwanza Unaanza

Msimamizi akishakusanya vijitabu vya majibu na kuruhusu watu kutoka, watahiniwa wa Historia hawatawanyiki. Ni Novemba, msimu wa mtihani wa kidato cha nne, na mvua zimeshika kasi kwenye milima ya Ngara. Katika sekondari za kata za wilaya hiyo na jirani yake Biharamulo, vijana hujikusanya chini ya mikaratusi, au barazani kama kunanyesha. Kabla hata ya kutafuta maji ya kunywa, mmoja ameshauliza: "Ya sita mmeweka B au D?"

Mtihani wenyewe, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania na kufahamika kwa namba 012, huchukua saa tatu. Una maswali ya kuchagua jibu, kuoanisha, kupanga matukio kwa mfuatano wa miaka, wakati mwingine kuchora ramani, na mwishoni insha. Miaka yote umefanywa kwa Kiingereza. Huku nje hakuna anayebishana kwa Kiingereza. Watu huanza kwa Kiswahili, na mambo yakipamba moto upande wa Ngara utasikia Kihangaza na Kishubi. Biharamulo kitaingia Kizinza au Kisukuma.

Kusahihishana huku kuna taratibu zake, ingawa hakuna aliyeziandika. Kila kundi lina kipanga wake, yule mwenye akili kuliko wote, na kipanga hasemi wa kwanza. Wengine hutaja majibu yao, hubishana, hurushiana miaka, kisha macho yote humgeukia. Akikubali, nusu ya kundi hupumua. Akitikisa kichwa, kuna atakayejitenga kando na kufuta machozi kwa ukosi wa shati.

Ugomvi mkubwa hutoka kwenye kupanga matukio. Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885 haumsumbui mtu, ila mikataba miwili ya Wajerumani na Waingereza, wa 1886 na wa 1890, huwachanganya wengi. Mmoja anashikilia kwamba Uganda iliangukia mikononi mwa Waingereza katika ule wa kwanza. Mwenzake anaokota kijiti, anachora ziwa kwenye udongo mwekundu na kumwonyesha: wa 1886 mstari uliishia ufukwe wa mashariki, wa 1890 ndio uliovuka maji na kwenda magharibi, nyuzi moja kusini mwa ikweta. "Na maili kumi za Sultani je?" "Hizo ni 1886, acha kuchanganya!" Mstari uliochorwa kwa kijiti ndio unaopita kaskazini mwa mkoa wao wenyewe, na ni eneo hilohilo la mpakani ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivamia mwaka 1978. Katika dakika hiyo vijana hawa wanasoma historia kwa namna ambayo darasani hawakuipata mara nyingi.

Walimu wengi hawapendi. Wakipita hukemea: "Yaliyopita si ndwele, kashikeni pepa ya kesho!" Wana sababu. Aliyegundua saa sita mchana kwamba ameharibu insha hulala vibaya, na asubuhi huingia kwenye mtihani mwingine akiwa ameshavunjika moyo. Marekani wamekwenda mbali zaidi: wanafunzi wa sekondari wanaofanya mtihani wa AP wa historia ya nchi yao wanakatazwa kabisa kufichua maswali ya kuchagua. Hata hivyo, anayewafukuza vijana wa Ngara chini ya mti anawanyima kitu. Ndani ya chumba waliandika walichokariri: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Nje wanalazimika kueleza kwa nini hoja ni hoja, tena mbele ya wenzao wasiowaonea haya.

Hapo nje ndipo mambo ya nyumbani nayo hupata nafasi. Chukua mada ya ukabaila, inayofundishwa tangu madarasa ya mwanzo: nyarubanja ya Karagwe na Buhaya, ubugabire wa Buha, Rwanda na Burundi. Kwa mwanafunzi wa Lindi hayo ni majina ya kukariri. Kijana wa Ngara, ambaye lugha ya nyumbani kwao ni ndugu wa damu wa Kirundi, amekulia miongoni mwa wazee wanaojua maana ya kupewa ng'ombe na mkubwa na kubaki na deni la utumishi. Sehemu ya wilaya yake, Bugufi, ilikuwa ya ufalme wa Burundi, na ikaingizwa Tanganyika chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Biharamulo nako boma la Wajerumani bado limesimama, na mji huo ulitekwa na majeshi ya Wabelgiji mwaka 1916.

Swali likigusa migogoro ya Afrika baada ya uhuru, hakuna haja ya kitabu. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja. Kambi ya Benaco ikajaa, na mwaka uliofuata Radio Kwizera ikaanza kurusha matangazo wilayani humo kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji. Wazazi wa watahiniwa wa leo waliyaona hayo kwa macho. Inasikitisha kwamba mtoto anayeyajua hivyo hukwama kwa kukosa neno la Kiingereza.

Mwishoni mwa 2020 Rais John Magufuli, aliyewahi kusoma Seminari ya Katoke huko Biharamulo, aliagiza historia ya Tanzania ifundishwe kwa lazima. Leo Historia ya Tanzania na Maadili ni somo, na hufundishwa kwa Kiswahili. Watakaolifanyia mtihani wataandika kwa lugha ileile wanayobishania, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyozungumzwa.

Kwa sasa, baada ya saa nzima ya ubishi, huja hesabu za alama. A inaanzia 75, C ni 45, na D 30. Wengi hujumlisha za uhakika tu na kuridhika zikivuka 45. Majibu hutoka Januari, na tangu yale ya mtihani wa 2022 Baraza halitangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi bora, kwa hiyo kipanga wa Murusagamba au Nyakahura anabaki kusifiwa na kijiji chake. Wenzake wataazima simu kumtazamia namba yake, kisha wataanza kubishana upya: kidato cha tano achukue tahasusi ya HGK au HGL?