Ofisa aliyerudi kumtafuta baharia wake

Hapa Mutanga Nord wanafunzi wangu hupenda kuniuliza: mwalimu, mwanajeshi shujaa ni yupi? Kwangu swali hilo si jepesi. Nilizaliwa Katumba, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na nyumbani kwetu neno "mwanajeshi" lilitamkwa kwa sauti ya chini. Ndiyo maana huwapa habari za mtu wa mbali, Takeo Hirose wa Japani, ofisa na mcheza judo.

Hirose alizaliwa mjini Taketa mwaka 1868. Akiwa kijana wa jeshi la majini alijiunga na Kodokan, chuo cha judo kilichoanzishwa Tokyo mwaka 1882 na mwalimu Jigoro Kano. Huko mchezaji hufundishwa kumwinamia mpinzani kabla ya pambano na baada yake. Kano alisisitiza kwamba wewe na mwenzako mnapaswa kustawi pamoja.

Mwaka 1897 alipelekwa Urusi kusoma lugha na mambo ya manowari. Alikaa huko hadi mwaka 1902, akapata marafiki, wakapendana na Ariadna Kovalevskaya, binti wa ofisa mkubwa wa Kirusi.

Miaka miwili baadaye nchi hizo mbili zilipigana. Wajapani waliamua kuzamisha meli kuukuu katika mlango wa bandari ya Port Arthur, huko China, ili manowari za Urusi zisitoke. Alfajiri ya Machi 27, 1904, Hirose aliongoza meli ya Fukui Maru. Mabaharia waliposhuka mashuani, mmoja wao, Sugino, hakuonekana. Hirose alirudi kumtafuta mara tatu, meli ikizama na risasi zikimiminika. Hakumpata. Mashua ilipoondoka, kombora lilimuua akiwa na miaka 35. Warusi walipoupata mwili wake, waliuzika kwa heshima za kijeshi.

Japani ilimwita mungu wa vita. Mwaka 1910 sanamu yake na Sugino ilisimamishwa Tokyo, na shuleni watoto wakafundishwa kufa kama yeye. Sanamu hiyo iliondolewa mwaka 1947, baada ya Japani kushindwa katika Vita Kuu ya Pili.

Sehemu hiyo siwafichi wanafunzi. Wakubwa wanaweza kulichukua tendo la huruma wakaligeuza chambo cha kupeleka vijana vitani. Hirose hakurudi melini kutafuta kifo. Alirudi kutafuta mtu.

Kwetu Burundi, Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitaka kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi. Waliorushiana risasi wakaja kuvaa sare moja. Hesabu hiyo ilikuwa ya lazima, ndugu msomaji, lakini hesabu haimwokoi aliyebaki nyuma. Mwanajeshi shujaa, nawaambia wanafunzi, ni yule anayerudi kumtafuta mwenzake bila kuuliza kwanza ni mtoto wa nani.