Safari ya Mama Mboga Haimo Kwenye Dodoso

Saa kumi alfajiri mama mboga wa Kangemi huwa ameshafunga mlango. Hutembea gizani hadi stejini, hupanda matatu mpaka mjini, kisha huenda kwa miguu hadi soko la Marikiti. Akishanunua sukuma na nyanya hulipa mkokoteni umfikishie mzigo barabarani, halafu hubishana na makanga, maana gunia nalo lina nauli yake. Siku atakapobishiwa hodi na mhoji wa serikali na kuulizwa alikwendaje kazini, kitakachoandikwa ni neno moja: matatu.

Hapo ndipo takwimu za usafiri wa Nairobi zinapovuja, na hasara yake inaangukia biashara.

Utafiti mkubwa wa safari za kaya ulifanywa mwaka 2004 kwa msaada wa Japani kupitia shirika la JICA. Mwingine ulifuata 2013, jiji lilipokuwa likiandaa mpango wake mkuu wa maendeleo, NIUPLAN. Kazi hizo zilistahili gharama yake: ziliwafuata watu majumbani badala ya kusimama njiani kuhesabu magari, zikathibitisha kwamba sehemu kubwa ya safari jijini ni za miguu. Lakini tazama yaliyopita kati ya tafiti hizo mbili. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo na bodaboda zikafurika. Mwaka 2012 upanuzi wa barabara ya Thika ukakamilika. Tangu utafiti wa 2013 imekuja Expressway ya kilomita 27, iliyofunguliwa 2022, na mabasi ya umeme ya kampuni kama BasiGo. Mwenye basi la umeme anahitaji kujua gari litakimbia kilomita ngapi kabla ya kurudi kuchajiwa, na abiria watapungua saa ngapi. Majibu ya 2013 hayamfai.

Uingereza imefanya utafiti wake wa taifa wa safari mfululizo tangu 1988, na wanakaya huandika safari zao katika shajara ya siku saba. Shajara hiyo siipendekezi kwetu. Anayefika nyumbani saa nne usiku hana nguvu za kujaza karatasi. Kinachonivutia ni kule kutokatika. Kaya chache kila mwaka, za misimu yote, zingetufaa kuliko kaya nyingi mara moja kwa muongo. Uwezo upo: Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, lilifanya sensa ya 2019 kwa vishikwambi nchi nzima.

Nairobi yenyewe imeshaonyesha faida ya takwimu zilizo wazi. Kuanzia 2012, Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Columbia, MIT na Groupshot kiliwapandisha wanafunzi matatu wakiwa na simu, wakarekodi njia na vituo. Mradi huo, Digital Matatus, ulichora zaidi ya njia 130, ukatoa ramani mwaka 2014 na kumruhusu yeyote kuzitumia takwimu zake. Mwaka uliofuata njia hizo zikaingia Google Maps. Tafiti za serikali nazo zingetolewa hivyo, majina yakiwa yameondolewa, badala ya kufungiwa ndani ya ripoti nene isiyoweza kupigiwa hesabu upya.

Hata hivyo ramani haisemi nauli. Mvua ikinyesha jioni nauli hupanda papo hapo, na anayepanga bajeti ya usafiri wa wafanyakazi wake anaijua hasara hiyo bila kuwa na takwimu ya kuitetea. Utafiti uulize kiasi kilicholipwa na dakika za kungoja, siku ya jua na siku ya mvua.

Wenye hesabu kamili zaidi ni makanga na vyama vyao vya ushirika, SACCO, ambao jioni huandika mizunguko, mafuta na mapato. Hawazitoi kwa sababu wanahofia mtoza ushuru. Sheria ya Takwimu ya 2006 inalinda siri ya majibu ya mtu mmoja mmoja, lakini stejini sijakutana na anayeijua. Mhoji aanze kwa kuisoma, kwa Kiswahili cha kawaida, kabla ya kufungua kishikwambi. Kisha amwulize mama mboga: ulianza kutembea saa ngapi, ulingoja kwa muda gani, gunia ulililipia kiasi gani?