Mpiga Dawa Akianguka Shambani

Katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro na Arusha, kwa jirani zetu wa Tanzania, mpiga dawa hubeba bomba mgongoni sawa na mwenzake wa Kiambu au Thika. Mdudu ni yule yule, na sumu ni za jamii ile ile: profenofosi, ambayo wengi wameijua kwa jina la Selecron, na klopairifosi. Serikali ya huko huziita viuatilifu. Sisi tumezoea kusema "dawa", na neno hilo limetuponza siku nyingi, maana nani anaogopa dawa?

Sumu hizi hupita kwenye ngozi. Bomba likivuja na shati likalowa, mtu huendelea kuingiwa na sumu hata baada ya kutua bomba chini. Mwilini huzuia kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kuzima amri za mishipa ya fahamu. Amri isipozimwa, mate, machozi na jasho hutiririka, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, tumbo huharisha, misuli hucheza chini ya ngozi. Kinachoua ni kifua: mapafu hujaa majimaji na misuli ya kupumua huchoka.

Nyapara akiona dalili hizo asiseme ni malaria. Gari liitwe mara moja, bila kungoja saini ya meneja, na huku nyuma mgonjwa avuliwe nguo zote na kuoshwa kwa sabuni na maji mengi, pamoja na nywele na kucha. Anayemwosha avae glavu za mpira. Viatu vya ngozi na mkanda vilivyolowa vitupwe, kwani havisafishiki. Alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimkabe. Wengi hukimbilia maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii, na kumnywesha au kumtapisha mtu aliyelegea ni kumjaza majimaji mapafuni.

Lebo ya chupa iende pamoja naye. Ikiwa alichopata ni parakwati, ile ya kuua magugu, tiba ni nyingine kabisa: haina dawa ya kuiponya, na hata oksijeni ikitolewa pasipo haja huzidisha madhara ya mapafu.

Kwa sumu hizi za wadudu, mgonjwa mahututi huokolewa kwa atropini, inayotolewa na tabibu kwa sindano ya mshipa. Na hapa, ndugu zangu, tupige hesabu. Mtu mzima huanzishiwa miligramu 1 hadi 3, na kila baada ya dakika 5 kipimo huongezwa maradufu mpaka kifua kikauke na moyo upige vizuri. Tuseme alianza na 2, kisha 4, kisha 8, kisha 16. Kwa dakika 15 tu amekwisha tumia miligramu 30. Kichupa cha kawaida kina miligramu 1. Zahanati ya shamba yenye vichupa vitano haina dawa, ina kumbukumbu ya dawa.

Sheria za usalama kazini, ya Tanzania ya mwaka 2003 na ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri aweke huduma ya kwanza. Mwajiri naye huonyesha sanduku lenye plasta na bandeji, akasema ametimiza. Kwa hiyo jambo hili liingie kwenye majadiliano ya mkataba, ule ambao wenzetu wa Tanzania huuita mkataba wa hali bora: atropini ya kutosha katika zahanati iliyo karibu, tabibu anayejua kuitumia, maji na sabuni pale pale panapochanganywa sumu, na gari siku zote za kupiga dawa. 

Kuna na hili la baadaye. Mgonjwa aweza kuamka, akala uji, akaomba kurudi nyumbani, kisha kati ya siku ya kwanza na ya nne shingo ikalegea na pumzi ikamwishia. Abaki hospitali siku hizo, na asibebeshwe bomba tena mpaka kipimo cha damu kionyeshe kolinesterasi yake imerudi.