Kutafuta Hitilafu katika Intaneti Isiyo na Waya

Kompyuta ya nyumbani ikikataa kuingia kwenye intaneti, na mwanafunzi ana kazi ya kukamilisha usiku huohuo, aghalabu kila mtu hushika lake. Mmoja huzima ruta, wa pili hubadili neno la siri, wa tatu hugeuza antena. Pengine mtandao hurejea, lakini hakuna ajuaye ni tendo gani lililouponya, na hitilafu ikitokea tena hangaiko huanza upya. Pengine pia kilichokuwa kizima huharibika. Sayansi ina njia iliyo bora: kuigawa safari ya habari katika hatua, kuipima kila hatua peke yake, na kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja.

Safari yenyewe ina hatua tatu. Kwanza, habari hutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta kwa mawimbi ya redio. Pili, ruta huzipeleka kwa kampuni inayouza huduma. Tatu, kampuni huzisafirisha kwa nyaya za nchi kavu na za chini ya bahari mpaka ziendako.

Jaribio la kwanza hutumia simu ya mkononi. Simu huunganishwa na ruta ileile, baada ya kuzima data yake. La sivyo itapita njia yake yenyewe na kutoa jibu la uongo. Simu ikipata intaneti, ruta na kampuni hazina kosa, na hitilafu imo katika kompyuta au katika mawimbi yanayoifikia. Simu nayo ikikosa, uchunguzi uhamie kwenye ruta na mbele yake. Kwa jaribio moja, nusu ya mashaka huondoka.

Ili kuyapima mawimbi, kompyuta isogezwe hadi mita mbili au tatu kutoka kwenye ruta. Ikipona, kosa ni umbali au vizuizi. Ruta nyingi hutumia mawimbi yanayotetema mara bilioni 2.4 kwa sekunde, yaani gigahezi 2.4. Mwendo wa nuru, mita milioni 300 kwa sekunde, ukigawanywa kwa idadi hiyo, urefu wa wimbi hupatikana kuwa sentimita 12.5. Kwa gigahezi 5 urefu ni sentimita 6. Mawimbi haya huchukua habari nyingi zaidi, lakini hudhoofika upesi yapitapo ukutani. Bati, nondo za zege na kioo cha kujitazamia huyarudisha mawimbi, maji huyameza. Kwa hiyo ruta iliyowekwa nyuma ya jokofu au tangi la maji haitendewi haki. Jiko la maikrowevu nalo hutumia karibu gigahezi 2.45, hivyo huweza kuvuruga mtandao kila linapowashwa.

Majirani pia huweza kuingiliana. Katika gigahezi 2.4 vituo vya mwanzo hutengana kwa megahezi 5, ilhali kila mtandao huhitaji upana wa megahezi 20 hivi. Ndiyo sababu mafundi hupendelea namba 1, 6 na 11, ambazo hazigusani.

Mawimbi yakiwa mazuri na bado hakuna mawasiliano, anwani ya kompyuta itazamwe. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa sababu haikupewa na ruta. Ikiwa anwani ni sahihi, amri iitwayo ping hutuma ujumbe mfupi na kungoja jibu: kwanza kwa ruta, kisha kwa anwani ya nje iliyoandikwa kwa tarakimu, mwisho kwa jina la tovuti. Tarakimu zikijibu na jina likanyamaza, njia ni nzima. Kilichokwama ni huduma inayogeuza majina kuwa tarakimu. Tarehe ya kompyuta nayo isisahauliwe, kwani ikikosewa, tovuti nyingi hukataliwa kwa kuwa hati zao za usalama huonekana zimekwisha muda.

Na je, kuzima na kuwasha ruta? Tendo hilo husaidia mara nyingi, kwa kuwa hufuta kumbukumbu iliyochanganyikiwa. Lakini hufuta ushahidi pia. Heri kuandika kwanza ni taa zipi zinazowaka na majaribio yamesema nini.

Wakati mwingine kosa limo mbali kabisa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku hiyo ruta ingeweza kuzimwa mara mia bila kufaa kitu. Aliyepima hatua kwa hatua aliweza kutambua mapema kwamba nyumbani kwake hapana kosa, akaacha vyombo vyake jinsi vilivyo.

Darasani, mwalimu aweza kuficha kosa moja, kama vile kuifunika antena ya ruta kwa karatasi ya alumini au kukosesha tarehe ya kompyuta. Wanafunzi wachore jedwali la safu tatu: jaribio, matokeo na hitimisho. Atakayestahili sifa si yule atakayerudisha mtandao kwa bahati, bali yule atakayeweza kueleza kwa nini ulipotea.