Bara Nako Kuna Darasa

Sisi tuliozaliwa mwambao tulikuwa na darasa mbili tangu utotoni: chuoni kwa mwalimu, na pwani kwa bahari. Chuoni tulifundishwa alifu na be. Bahari nayo ikatufundisha kuwa maji yajaapo hayana budi kutoka. Na kila aliyepitia chuo ajua kuwa neno aya lina maana mbili. Ni kifungu cha Kurani, na pia ni ishara iliyomo katika maumbile. Ndiyo maana msahafu wetu una sura zenye majina ya ng'ombe, nyuki, chungu na buibui.

Nayataja haya kwa sababu wako miongoni mwetu wadhanio kuwa Wakristo, wanapofundishana dini kwa mfano wa mti au mnyama, wanacheza na neno la Mungu. La hasha. Kwa mujibu wa Injili waisomayo, Nabii Isa, amani iwe juu yake, alifundisha kwa mpanzi na mbegu, kwa punje ya haradali, kwa kondoo aliyepotea. Na katika mafunzo yetu sisi, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwahi kuchunga kondoo, na Nabii Musa na Nabii Daudi vivyo hivyo. Mchungaji ni mtu wa kusikilizwa.

Mji wa Kitengela uko kilomita kama 30 kusini ya Nairobi, katika njia iendayo Namanga. Mji wa Kajiado uko mbele yake. Mpwa wangu anafanya kazi huko, nami nimekwenda kumzuru mara kadhaa. Jirani yake ni katekista wa Kimaasai. Dini zetu mbili, lakini kwa mazungumzo hatukuishiwa.

La kwanza nililojifunza kwake ni la mvua. Wamaasai humwita Mungu Enkai, na neno hilo hilo ndilo mvua. Walioingia Ukristo hawakulitupa. Kanisani kwao Mungu ni Enkai. Sisi tuitao mvua rehema hatuwezi kulistaajabia hilo. Lakini baina ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na katika Kajiado ng'ombe walikufa mizoga ikatapakaa njiani. Nikamwuliza katekista, mlingojaje? Akanijibu, "Mzee, kungoja mvua si kukaa. Sisi hutembea na ng'ombe tukiitafuta, huku tunaomba." Nikakumbuka mafunzo yetu: mfunge ngamia wako kwanza, kisha utawakali.

La pili ni la taa. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi haina ua upande wa kusini, na simba huvuka kuingia katika maboma ya wafugaji. Mwaka 2012 wakazi wa Kitengela, kwa hasira ya mifugo yao kuliwa, waliwaua simba sita kwa mara moja. Lakini mtoto mmoja wa upande huo huo, Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa babake, alishapata njia nyingine. Alijaribu moto, ukawa wawamulikia simba njia. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakaogopa. Siku ya pili wakaona haitikisiki, wakaingia. Ndipo alipotambua kuwa akizunguka na tochi usiku, simba hawakaribii. Akachukua betri kuukuu ya gari, kibao cha nguvu za jua na kifaa cha taa za ishara za pikipiki, akafunga taa zinazowaka na kuzimika kana kwamba mtu anatembea. Simba hawakurudi. Mwaka 2013, angali mtoto, aliitwa Marekani kueleza alivyofanya.

Katekista huwahubiria watu wake kwa kisa hicho: imani iliyosimama kama sanamu, shetani huizowea. Ndugu msomaji, hilo halihitaji kuwa Mkristo kulielewa. Ni wangapi kwetu walio waumini wa kanzu, Ijumaa hadi Ijumaa, na katikati hawatikisiki?

La tatu ni la mgunga. Katika udongo mweusi wa nyanda zile umejaa mgunga mfupi wenye nundu kwenye miiba yake. Ndani ya nundu hukaa chungu, na upepo ukipita katika matundu yao mti hupiga mbinja. Mti huwapa chungu nyumba na maji matamu. Nao humwuma twiga au ndovu ajaye kuula. Sasa tazama ajabu. Huko Laikipia wataalamu waliizungushia ua baadhi ya miti hiyo, wanyama wakubwa wasiifikie. Mwaka 2008 walieleza yaliyotokea. Miti ilipoona haina adui ilipunguza nundu na maji matamu. Chungu walinzi wakadhoofika, wakaja chungu wa aina nyingine wasiolinda kitu, na bungo wakatoboa mashina. Miti iliyopumzishwa taabu ikawa ndiyo inayokufa zaidi. Mie nikatunga ubeti:

Mgunga una miiba, na ndani mna walinzi,
Wakipata nyumba, shiba, hawalegezi ulinzi,
Ukikosa la kukaba, huwapunja wake wenzi,
Raha isiyo na toba, haiachi cha kuenzi.

Lakini darasa hiyo yafungwa. Mwaka 1988 ardhi ya pamoja ya wafugaji wa Kitengela iligawanywa, kila mtu na hati yake. Shida zikaja, viwanja vikauzwa, nyua zikasimama, mji ukapanda. Nyumbu waliokuwa wakitoka mbugani kwa maelfu msimu wa mvua kwenda nyanda za Kapiti wamebaki wachache mno. Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola nne kwa ekari kwa mwaka wasizungushe ua. Lakini mwenye kiwanja alikuwa akiahidiwa zaidi ya hizo na wanunuzi. Simlaumu mwenye mtoto wa kusomesha.

Hata hivyo swali labaki. Mtoto azaliwaye leo Kitengela baina ya kuta za mawe, akihubiriwa juu ya kondoo aliyepotea, ataona nini moyoni mwake? Katekista aniambia tayari huwaletea watoto picha.

Nasi tusimcheke. Ardhi ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mikoko yetu inakatwa kila siku, na fukwe zetu zazungushiwa kuta mpaka mvuvi hana pa kupitia. Kesho mwalimu wa chuo akimtajia mtoto wetu ishara za Mwenyezi Mungu katika bahari, itambidi naye atafute picha?