Kupika Wali kwa Moto wa Tanuri

Watu wanaopika wali kila siku wanaijua taabu hii: sufuria inafunuliwa, na wali wa juu bado una kiini, wa katikati umeiva barabara, na wa chini umeungua hata harufu yake imekwisha kuenea katika chakula chote. Ikiwa ni chakula cha watu wawili, hasara si kubwa. Lakini ikiwa ni kilo 5 za mchele wa Pishori kutoka Mwea, na wageni wamekwisha kuketi jamvini, basi hasara ni ya fedha na ya heshima pia. Kwa hiyo yafaa kueleza namna nyingine ya kupika, yaani kuuivisha wali ndani ya tanuri, ambayo wengi siku hizi huiita oveni, badala ya kuuacha juu ya meko mpaka mwisho.

Jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Wapishi wa Mombasa, Lamu na Malindi tangu zamani hawaukaushi wali kwa moto wa chini peke yake. Maji yakipungua, hupunguza makaa chini ya sufuria, hufunika kwa mfuniko wa bati, kisha hupanga makaa ya moto juu ya mfuniko huo. Huko ndiko kupalia wali. Mpishi wa biriani naye hufanya vivyo hivyo, na pengine huziba ukingo wa chungu kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke. Waajemi wana chakula chao kiitwacho tahchin, yaani wali uliochanganywa na maziwa ya mgando, mayai na zafarani, nao huokwa. Kila mtu aliyekula wali uliopaliwa amekwisha kuonja kazi ya tanuri, ijapokuwa hakulitia neno hilo maanani.

Sababu yake ni hii. Punje ya mchele imejaa wanga, na wanga huo hauwezi kulainika mpaka upate maji na joto pamoja. Juu ya jiko, joto lote hutoka chini. Maadamu maji yapo, sufuria haiungui, kwa kuwa maji yanayochemka hayapiti digrii 100 pwani, na Nairobi, kwa ajili ya urefu wa nchi, huchemka katika digrii 94 au 95 hivi. (Ndiyo maana mpishi atokaye Mombasa akapika Nairobi huona wali unakawia, akaulaumu mchele bure.) Lakini maji ya chini yakiisha, kitako cha sufuria hupanda joto upesi sana, na wali wa chini huanza kuungua wakati ule ule ambapo wali wa juu ungali ukingoja kuiva. Mpishi hukoroga ili kuokoa, na kwa kukoroga huzivunja punje, na wali hugeuka kuwa bokoboko.

Ndani ya tanuri mambo ni mbali. Hewa ya moto huzunguka chombo pande zote, chini, juu na ubavuni. Tena hewa hupeleka joto polepole kuliko ulimi wa moto unaogusa kitako cha sufuria. Tanuri lenyewe laweza kuwa na digrii 180, lakini wali ulio ndani ya chombo kilichofunikwa haupati digrii hizo maadamu una unyevu. Huivishwa kwa mvuke wake wenyewe. Hapana haja ya kukoroga wala ya kusimama jikoni.

Kwa mchele mweupe, hesabu inayofaa ni kikombe 1 cha mchele kwa kikombe 1 na nusu cha maji, ikiwa mchele umechambuliwa, umeoshwa mpaka maji yawe karibu kutakata, na umelowekwa nusu saa kisha ukachujwa. Ikiwa haukulowekwa, maji yaongezwe robo ya kikombe kwa kila kikombe cha mchele. Tanuri liwashwe mapema lifike digrii 180 au 190. Mchele utiwe katika chombo kipana, pamoja na chumvi na mafuta kidogo, kisha umwagiwe maji yanayochemka. Hapa ndipo wengi hukosea. Hutia maji ya baridi, na hewa ya tanuri, kwa kuwa hupeleka joto polepole, hukawia sana kuyachemsha. Mchele hukaa katika maji ya uvuguvugu hata ukavimba na kunata kabla ya kuiva.

Kosa la pili ni mfuniko uliolegea. Hewa ya tanuri ni kavu, na mvuke ukipata njia, punje za juu hukauka zikawa ngumu kama mchanga. Kama mfuniko haushiki sawasawa, chombo kizibwe kwanza kwa karatasi ya foili, ikunjwe kabisa pembeni, ndipo mfuniko uwekwe juu yake. Baada ya dakika 25 au 30 chombo kitolewe, kikae dakika 10 bila kufunuliwa, maana wali huendelea kuiva na unyevu hujigawa sawa. Mchele wa kahawia, ambao haukukobolewa sana, hutaka maji zaidi na muda wa saa nzima.

Anayetaka wali wa nazi achemshe tui jepesi badala ya maji, na kasimile aitie kwa juu zikibaki dakika 10, kisha afunike tena upesi. Sufuria yenye mkono wa mti au wa plastiki isiingie tanurini kamwe. Chombo cha kioo kipashwe kwanza kwa maji ya moto kidogo, na kikitoka kisiwekwe mahali pa baridi au penye maji, kisije kikapasuka.

Wenye kupenda ukoko, hasa watoto, watasikitika, maana kwa njia hii ukoko ni haba.

Lakini si haki kusema ya kwamba tanuri lafaa kila siku. Kuwasha oveni nzima kwa vikombe 2 vya mchele ni kupoteza gesi au umeme. Hapo jiko la kawaida ni nafuu. Faida yaonekana pale ambapo watu ni wengi, au tanuri limekwisha kuwashwa kwa kuoka nyama au mkate. Kilo 2 za mchele, ambazo ni kama vikombe 10, zaweza kugawanywa katika vyombo viwili na kuiva pamoja, na meko yakabaki wazi kwa mchuzi na mboga. Chakula kikiwa kingi hivyo, muda uongezwe dakika 10 hivi. Asiye na oveni aweza kuupalia wali wake kwa makaa kama wa pwani, lakini kazi hiyo ifanywe nje au mahali penye hewa. Makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo imeua watu wengi usingizini.

Liko jambo moja la hatari ambalo tanuri lenyewe hulivuta. Wali ukibaki, mtu huuacha humo ndani usiku kucha kwa kuwa bado mna joto kidogo, akidhani ameuhifadhi. Katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka, nazo hutoa sumu iletayo kutapika na kuhara, na sumu nyingine kati ya hizo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena asubuhi. Wali wa kuliwa baadaye uwekwe katika joto lisilopungua digrii 60, au utandazwe katika sinia upoe upesi, na kabla ya saa 2 kupita uwe umekwisha kuingizwa katika friji. Pasipo friji, upikwe wa kutosha mlo mmoja tu, na uliobaki wapewe kuku.