Wanzuki ya Inyonga: Chupa au kopo?

INYONGA, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, inafahamika kwa asali ya miombo. Asali ikihifadhiwa vizuri hukaa miaka. Lakini ikishageuzwa wanzuki, hesabu ni ya siku. Pombe hiyo huendelea kuchachuka, ladha hubadilika, na mtengenezaji hulazimika kuiuza kwa bei yoyote kabla haijawa siki. Ndiyo maana wajasiriamali wenye ndoto ya kuifikisha Mpanda, Tabora hata Dar es Salaam huanza na swali moja: tufungashe kwenye chupa au kwenye kopo?

Kila kimoja kina sifa zake. Kopo la alumini halivunjiki, halipitishi mwanga wala hewa, na ni jepesi. Chukua pipa la lita 200 za wanzuki, ambalo linatoa vipimo 400 vya nusu lita. Chupa tupu ya kioo ya kujazwa tena huweza kuwa na gramu 350, hivyo chupa 400 ni kilo 140 kabla kinywaji hakijaingia. Makopo 400 ya ujazo huohuo hayafiki kilo nane. Kwa anayelipia mzigo kwenye lori au basi, tofauti hiyo ni fedha.

Nchini Marekani, kiwanda kidogo cha Oskar Blues cha jimbo la Colorado kilianza mwaka 2002 kufunga bia yake kwenye makopo kwa mashine ndogo ya mkono, wakati wengi wakiamini bia ya kopo ni ya viwanda vikubwa tu. Wengi wamefuata njia hiyo.

Hata hivyo, kinachofaa Colorado si lazima kifae Mlele. Kopo linahitaji mashine ya kukunja mfuniko kwa usahihi, kwani pindo likikosewa kidogo kinywaji huvuja au huharibika. Makopo yenyewe huagizwa kwa wingi, jambo linalofunga mtaji kabla ya mauzo. Chupa inahitaji vizibo na kifaa cha mkono cha kuvibana. Hoja ya mwanga nayo haina uzito mkubwa hapa. Mwanga huharibu harufu ya bia hasa kwa sababu ya hopsi, na wanzuki ya kienyeji haina hopsi.

Hesabu ya kurudi

Jambo linaloamua ni moja: je, chupa itarudi?

Tuchukue mfano wa bei za kukadiria. Chupa inunuliwe kwa shilingi 600, kuiosha kugharimu shilingi 50 kila inapojazwa, na kopo ligharimu shilingi 400. Chupa ikitumika mara moja na kupotea, gharama ni shilingi 650, na kopo limeshinda. Ikitumika mara mbili, kila mara ni shilingi 350. Ikitumika mara kumi, ni shilingi 110. Kila mjasiriamali aweke bei alizopewa na muuzaji wake, aongeze nauli na chupa zinazovunjika, kisha alinganishe.

Kwa hiyo mwenye wateja Inyonga, Mpanda na Sikonge, ambako kreti tupu zinaweza kurudi na gari lilelile, aanze na chupa na adai dhamana ya chupa kwa kila muuzaji. Anayelenga Dar es Salaam ajue chupa zake hazitarudi. Huko ndiko kopo lina nafasi, lakini baada ya soko kujulikana na wazalishaji kadhaa kuungana kununua mashine moja. Chupa zenye nembo za viwanda vya bia zisitumike, kwani zina wenyewe.

Zima uchachu kwanza

Chombo chochote hakitaokoa wanzuki ambayo bado inachachuka. Kila gramu nne za sukari zinazoliwa na hamira hutoa takriban gramu mbili za gesi. Gesi hiyo ikifungiwa, kopo huvimba na chupa hupasuka kama bomu na kuweza kumtoa mtu jicho. Subiri uchachu uishe, chuja, jaza huku ukiacha nafasi juu, funga, kisha pasha chupa taratibu ndani ya maji hadi kinywaji chenyewe kifike nyuzi 60 za Selsiasi na kikae hapo kwa dakika 20 hivi. Tumia kipimajoto, usikisie kwa kidole, na sufuria iwe na mfuniko wakati wote.

Sheria nayo isisahaulike. Mwezi Machi mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba, na waliokuwa wameweka mtaji kwenye vifuko hivyo walibaki na mzigo. Kabla ya kununua hata kizibo kimoja, mjasiriamali amuone ofisa biashara wa halmashauri kuhusu leseni, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kuhusu ubora na lebo, na Mamlaka ya Mapato (TRA) kuhusu ushuru na stempu za kodi. SIDO nayo ni mahali pa kuulizia vifaa na mafunzo.

Mwenye pipa moja la wanzuki leo hana haja ya kushindana na viwanda vikubwa. Anachohitaji ni wiki chache za kusubiri bei nzuri, na hizo atazipata kwa kipimajoto, vizibo na kreti zinazorudi.